Vipimo vya lupus: namba ya Maskati hailinganishwi na namba ya Mumbai

Familia nyingi za kwetu hapa Ghuba zina bahasha ya matibabu inayosafiri. Imeanzia Maskati au Dubai, imepitia India, imefika Unguja na mgonjwa wakati wa likizo. Kwa maradhi mengi bahasha hiyo ni msaada mkubwa. Kwa lupus inaweza kupotosha, na chanzo kiko maabara.

Katika lupus, kinga inaushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, na kibaya zaidi mafigo. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Kinga yao hutengeneza kingamwili dhidi ya vitu vya ndani ya kiini cha seli: DNA yenyewe, na histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushwa juu yake kama uzi kwenye kijiti.

Kipimo cha kwanza, ANA, ni mlango tu. Vigezo vya mwaka 2019 vya wataalamu wa Ulaya na Marekani vinataka ANA ya 1:80 au zaidi kabla ya kuhesabu alama nyingine yoyote. Lakini utafiti uliochapishwa 1997 uliwakuta watu wenye afya zao, takriban asilimia 13, wakiwa chanya kwa kiwango hichohicho. Binti asiye na dalili aliyepimwa kwa sababu kulikuwa na ofa hana ugonjwa kwa karatasi hiyo peke yake. Karatasi ikishafika kwenye WhatsApp ya ukoo, lakini, nani atawaeleza upande wa posa?

Kipimo cha kingamwili za DNA kina uzito zaidi, ila hakifanywi kwa njia moja. Kwa Elisa, kisahani chenye vishimo hupakwa DNA. Kingamwili zikinata rangi hutokea, na mashine huisoma. Hunasa hata zile zinazoshika kwa udhaifu. Njia nyingine hutumia vijidudu maalumu chini ya darubini ya mwanga: huwakosa baadhi ya wagonjwa, lakini jibu lake la chanya linaaminika zaidi. Hata Elisa za viwanda viwili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile.

Hapo ndipo penye hatari. Mama aliyekuwa na 200 huku akapata 60 ng'ambo atadhani amepona, aache dawa. Huenda kilichobadilika ni mashine tu, na mafigo yanaharibika bila kuuma.

Kingamwili za histoni zina kisa chao. Huonekana sana kwa lupus inayoletwa na dawa, kama hidralazini ya presha na isoniazidi ya kifua kikuu. Kwa kawaida hali hiyo hutulia dawa ikisimamishwa, lakini kusimamisha ni kazi ya daktari. Kifua kikuu hakichezewi. Tena kingamwili hizo wanazo pia wagonjwa wengi wa lupus ya kawaida, kwa hiyo peke yake hazitoi hukumu.

Basi mfuatilie mgonjwa kwenye maabara moja kila inapowezekana. Akipimwa kwingine, ombeni karatasi iandikwe njia iliyotumika na kiwango cha kawaida cha maabara ile. Na kando ya namba ya DNA, ulizeni protini kwenye mkojo: kipimo hicho ni rahisi, na mara nyingi ndicho kinachoonesha mapema kwamba mafigo yameguswa.