Mvua Hailaumiwi



Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina ilifika mji wa New Orleans, Marekani. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na kadiri ya asilimia 80 ya mji ikafunikwa.

Wenye magari walikuwa wamekwisha ondoka. Maskini, wengi wao weusi, walibaki juu ya mapaa wakingoja msaada, nao wakubwa wakatupiana lawama: Meya Nagin, Gavana Blanco na serikali ya Rais Bush.

Sisi watu wa reli twajua: tuta likibomoka, mvua hailaumiwi. Huulizwa nani alilijenga na nani alilikagua. Mwaka 2006 wahandisi wa jeshi waliozijenga kuta zile walikiri makosa yao.

Maji hayachagui rangi. Ubaguzi wa miaka mingi ndio uliowaacha weusi bila gari na bila akiba. Lakini Meya naye alikuwa mweusi, na rangi yake haikuwaokoa.

Basi, ndugu zetu, tumpime kiongozi kwa kazi aliyoifanya kabla ya mvua, si kwa rangi wala kabila lake, wala kwa hotuba zake makaburini.