Nani Aliwaambia Thrash Si ya Walikale?

Mahubiri ya asubuhi ya redio huwa nayaacha yapite tu, maana ndiyo saa ya kutafuta soksi. Juzi lakini mhubiri mmoja, simtaji yeye wala redio yake, alinikalisha kitandani soksi moja ikiwa mkononi. Kumbe kafikiwa na habari kwamba kuna vijana huku kwetu Walikale, mashariki mwa Kongo, wanaosikiliza ule muziki wa magitaa yanayonguruma na waimbaji wanaofoka. Akatoa hukumu tatu kwa pumzi moja: ni muziki wa shetani, ni muziki wa watoto wa Wazungu walioshiba, na watu wetu, ambao masasi wameyasikia tangu miaka ya 1990, wanahitaji nyimbo za kutuliza roho, si makelele. Mama watoto akaitikia amina kutoka jikoni. Jirani naye, ng'ambo ya ukuta wa mbao, akaitikia amina.

Amina hizo ziliniudhi kuliko mahubiri yenyewe. Mhubiri kazi yake ni kuogofya, anajulikana. Ila imani hii imeenea hadi kwa watu wasiokanyaga kanisani. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa vitabu, aliwahi kuniambia hivyo hivyo tukinywa kasiksi: thrash si yetu, sisi ni watu wa rumba. Nami nasema hakuna muziki duniani unaoihusu Walikale kuliko thrash. Ni muziki wa wachimbaji. Nitalirudia hilo mpaka mnichoke.

La shetani tulimalize upesi. Gitaa la umeme la kupigwa kwa fujo halikutoka kuzimu, lilitoka kanisani. Sister Rosetta Tharpe, mama mweusi wa Arkansas aliyelelewa katika Church of God in Christ, alianza kurekodi mwaka 1938, na gitaa lake liliwafundisha kazi akina Chuck Berry na Elvis, miaka mingi kabla mtu hajawaza neno thrash. Na kuhusu kufoka, pasta, mimi nimehudhuria ibada za kufukuza pepo. Nimemsikia mtumishi wa Mungu akimwamuru pepo atoke kwa sauti ya chini ya koo, iliyopasuka, isiyo na noti wala neno linaloshikika, huku mpiga kinanda amekandamiza noti moja na mpiga ngoma anakwenda mbio kama anafukuzwa. Sauti hiyo ilikuwa inapitia kwenye bafle ambalo karatasi yake ya ndani ilichanika zamani, ikabandikwa kwa gundi na kipande cha mfuko wa sukari. Kila alipotamka "toka!" kile kipande kilitetemeka, krrr, krrr, mpaka watoto wa benchi la mbele wakaziba masikio. Mkwaruzo huo Wazungu huununua dukani kwa dola, umefungiwa ndani ya kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu. Nyinyi mnao bure, mnauita upako.

Tena mkwaruzo wenyewe una historia ya safari mbaya. Mwaka 1951 kundi la Ike Turner lilikuwa likienda Memphis kurekodi "Rocket 88", amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ikaharibika njiani. Hawakuwa na nyingine. Wakaijaza karatasi, wakarekodi hivyo hivyo, na sauti ile iliyochafuka ikawapendeza watu hadi leo. Safari moja tu hiyo! Sisi wenye barabara ya RN3, sisi tunaopita Hombo lori likizama matopeni hadi mlangoni, tungekuwa tumeshavumbua aina kumi za muziki. (Na fedha za kutengeneza barabara hiyo zimetangazwa mara ngapi, na wakubwa wangapi wamepigwa picha wameshika koleo? Basi, tuyaache.)

Tuje kwa hao Wazungu walioshiba. Nani kashiba? Mpiga gitaa Tony Iommi, aliyeweka msingi wa huu muziki mzito, metal, ambao thrash ni tawi lake, alikuwa kijana wa kiwanda cha mabati mjini Birmingham. Mwaka 1965, ana miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akarudi kwenye gitaa. Baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito. Mnaomjua kijana aliyekatwa kidole na mawe ya mgodi wetu wa Bisie, niambieni kama huo ni ugonjwa wa kushiba.

Thrash yenyewe ilipozuka California mwanzoni mwa miaka ya 1980, tazameni waliokuwa jukwaani. Metallica walitoa albamu yao ya kwanza 1983, sawa. Lakini mwimbaji wa Slayer, Tom Araya, alizaliwa Chile, mpiga ngoma wake Dave Lombardo alizaliwa Kuba, na Death Angel walikuwa vijana wa asili ya Ufilipino, ndugu kwa ndugu. Hapo hao watoto wa Wazungu walioshiba wako wapi?

Ila mfano wangu ni Gelsenkirchen, na huu siuachi. Ni mji wa bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, nchi iliyotobolewa chini kote kwa ajili ya makaa ya mawe. Hapo ndipo ilipoanza bendi ya Sodom mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwimbaji wake, anayejiita Tom Angelripper, alikuwa mchimbaji. Simaanishi mtoto wa mwenye mgodi, wala karani wa mgodi. Alishuka shimoni, akapanda na vumbi puani, akashika gitaa la besi. Jirani yao, mjini Essen, katika makaa hayo hayo, wakatokea bendi ya Kreator. Na Sodom walipotaka kuimba juu ya jambo zito, mwaka 1989, walitoa albamu ya "Agent Orange", inayobeba jina la sumu ambayo ndege za Marekani ziliwamwagia watu na misitu ya Vietnam. Msitu, vita, wanyonge kufia nchi ambayo wengine wanaitaka: pasta, unasikia habari ya nani hapo? Nenda Brazili, ni yale yale. Bendi ya Sepultura walianza mwaka 1984 mjini Belo Horizonte, makao makuu ya jimbo la Minas Gerais, jimbo ambalo Wareno walilichimba dhahabu kwa migongo ya watumwa weusi. Nchi ilikuwa bado chini ya utawala wa wanajeshi. Hawakungoja waziri wa utamaduni. Duka la sahani za muziki la mji huo huo, Cogumelo, ndilo lililowatolea sahani yao ya kwanza mwaka 1985, na kaseti zikasambaa kwa posta, rafiki kwa rafiki, mpaka dunia ikaijua Belo Horizonte.

Muziki wa wachimbaji. Haya, sasa tupande Bisie.

Kasiterite, mawe ya bati, ilipoanza kutoka mlimani pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana alijitwika mfuko wa kilo 50, akashuka nao msituni hadi Njingala, akilipa kwenye kila kizuizi chenye bunduki. Mzigo ukafikishwa Kilambo, ambako ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami, watu na mbuzi wakikimbilia pembeni, ukapaa kwenda Goma. Leo kuna mgodi wa mashine. Kampuni ya Alphamin walitoa pale zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025 waasi wa M23 waliposogea, mgodi ukafungwa, Walikale-centre ikaingiwa. Aprili wakaondoka, mgodi ukafunguliwa. Bei ya bati kule London ilishtuka. Ya sombe sokoni kwetu ilishtuka zaidi, lakini hiyo haikutangazwa.

Sasa bati linakwenda wapi? Karibu nusu ya bati la dunia huishia kwenye lehemu, ile inayoshikanisha nyaya ndani ya kila kitu cha umeme. Fungua amplifaya, utaikuta. Fungua kile kisanduku cha mkwaruzo, utaikuta. Na simu mnayosikilizia mahubiri ina koltani, na Rubaya ya Masisi inalisha sehemu kubwa ya viwanda vya koltani duniani. Bati la Bisie linakaribishwa kwenye gitaa la Ulaya, mtoto wa Bisie anaambiwa gitaa hilo si lake. Huo ndio upuuzi ulionitoa kitandani.

Limebaki la tatu, la kutuliza roho, na hili ndilo ninalolichukia hasa. Nani aliamua kwamba mtu aliyechomewa nyumba adaiwe wimbo mtamu? Nimeyaona haya mashirika. Linakuja gari jeupe, vijana wanavalishwa fulana zenye nembo, wanapewa kibwagizo chenye neno amani mwanzo, katikati na mwisho, wanapigwa picha wakikumbatiana, gari linaondoka. Kijana anabaki na fulana. Hasira yake haikuulizwa hata jina. Na wale wanamuziki wetu wakubwa wa Kinshasa hawana nafuu: wimbo mzima ni mabanga, majina ya wabunge na wafanyabiashara waliolipa ili watajwe. Nimesikia jina la mwenye kampuni ya vinywaji likiimbwa kwa machozi. Jina la kijana aliyefunikwa na udongo Rubaya sijalisikia.

Mtasema vita vinahitaji utulivu. Kamuulizeni Huambo. Mji huo wa Angola ulipigwa mabomu hadi kuta zikawa chujio, katika vita vilivyodumu kuanzia 1975 hadi 2002. Kuna filamu ya mwaka 2012 ya Jeremy Xido, "Death Metal Angola", inayoonyesha Sonia Ferreira na nyumba yake ya yatima, Okutiuka, pamoja na mpiga gitaa Wilker Flores, wakihangaika na umeme na vyombo ili waandae tamasha la roki katikati ya magofu. Yatima wenyewe wamo. Hakuna anayelala usingizi kwa kubembelezwa pale, na hakuna aliyetokwa na pembe.

Botswana je? Bendi ya Overthrust inatoka Ghanzi, wilaya ya ng'ombe kwelikweli, wachungaji na vumbi. Wapenzi wa metal kule huvaa ngozi kuanzia kofia hadi viatu, hufanya tamasha, na fedha huenda kwa wenye shida. Mwaka 2016 Overthrust walipanda jukwaa la tamasha la metal la Wacken, Ujerumani. Masisi ina ng'ombe, ina ngozi, na ina jibini juu yake. Nairobi nako Martin Khanja na Sam Karugu walitoka kwenye bendi ndogo za metal za mjini, wakaunda Duma, wakatoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hapo ni jirani tu. Muziki wa taifa hujengwa hivyo: bendi moja mbaya, halafu ya pili isiyo mbaya sana, mtu mwenye chumba, mtu mwenye jenereta. Huku kwetu tayari kuna sehemu ya kwanza. Mpwa wangu huchaji simu za watu kwenye kibanda njia ya Njingala, na kwa franga kadhaa anakujazia kadi ya memori nyimbo uzitakazo. Kati ya kwaya na Fally Ipupa ameweka folda aliyoiita "Chuma". Wachimbaji wanaiomba wenyewe, hasa wa zamu ya usiku.

Basi wazee wataniambia si utamaduni wetu. Wazee gani? Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo. Mwana anazaliwa anatembea na kusema, baba yake, Shemwindo, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anarudi, anamwita Nkuba mwenye radi, kijiji cha Tubondo kinateketea, kisha anamfuata baba yake hadi kuzimu. Mzee Rureke aliimba utenzi huo na kuucheza kwa siku kadhaa mfululizo, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauandika, ukachapwa mwaka 1969. Slayer wasingeweza kubuni hata robo yake. Lakini watoto wetu shuleni wanafundishwa hadithi ya kunguru na mbweha ya Mfaransa.

Kuna pingamizi jingine nililopewa na yule mwalimu wa kasiksi, nalo linastahili makumbusho: eti thrash haichezeki. Mwalimu, hata hotuba ya gavana haichezeki na tunaisimamia juani kwa saa nne. Akaongeza kwamba maneno hayaeleweki. Bibi yangu alikufa akiimba misa ya Kilatini, hakuelewa hata "dominus", na hakuna aliyemzuia mlangoni mwa mbingu.

Wapigaji tunao. Thrash inataka mkono wa kulia wenye mbio na usiochoka, na nchi ya Franco na Docteur Nico, nchi ya sebene, mkono huo inao tangu zamani. Kinachotakiwa ni kuukasirisha. Vyombo? Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha bendi ya Konono N°1 mjini Kinshasa miaka ya 1960, alitaka likembe zake zishinde kelele za mitaa. Hakuwa na pesa ya mikro. Akachukua sumaku kwenye vyuma vya magari yaliyokufa, akajitengenezea mikro, akapaza sauti kwa vipaza sauti vikuukuu, na mkwaruzo uliotoka pale ukawapeleka hadi kwenye rekodi za Björk. Magari yaliyokufa kati ya Sake na Walikale mnayajua, mengine tunayatumia kuanikia nguo. Anayetaka kuanza aje na bisibisi.