Ngoma ya Wakubwa, Wachezaji Watoto

Mwezi Novemba mwaka 2022 nilialikwa kuwa mgeni rasmi katika mahafali ya shule moja ya chekechea jijini Dar es Salaam. Mjukuu wangu alikuwa miongoni mwa wahitimu, mwaka uliofuata aingie darasa la kwanza. Jina la shule silitaji, kwa sababu haikufanya jambo ambalo nyingine nyingi hazifanyi. Maturubai yalikuwa yamefungwa, watoto wamevishwa majoho, sahani za pilau zinapita. Nami nimekaa meza kuu, mzee wa miaka sabini na kitu, mwalimu mkuu mstaafu, na kabla ya hapo mkufunzi wa chuo cha ualimu kwa miaka kumi na miwili.

Mjukuu wangu alipanda jukwaani mara mbili. Mara ya kwanza alighani shairi la beti tatu juu ya usafi wa mwili. Hakukosea hata mshororo mmoja. Watu walikuwa wakizungumza na kula, na mshereheshaji alikwisha kuita kundi jingine kabla mtoto hajateremka. Mara ya pili alitoka na wenzake watano. Ukapigwa wimbo wa mapenzi uliokuwa ukivuma wakati ule, na watoto wa miaka sita wakaanza kukata viuno kama walivyoona katika video yake. Hapo watu wote wakasimama. Akina mama wakapiga vigelegele, akina baba wakatoka mbele kuwatunza. Nami, niliyefundisha somo la malezi, nikainuka kwenye kiti cha heshima nikamtunza mjukuu wangu noti ya elfu tano.

Baadaye alinijia, noti zimekunjwa mkononi, akaniuliza, "Babu, nimecheza vizuri?"

Nikamjibu, "Vizuri sana, mama."

Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike sura hii. Mtoto yule alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Shairi halikumpatia hata senti. Kiuno kilimpatia noti ya Babu, na za watu wengine tisa au kumi. Noti ya mzazi ni sawa na alama ya mwalimu, na mtoto huisoma kabla hajajua kusoma.

Basi nasema bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: burudani nyingi tunayowapa watoto wadogo siku hizi hatukuwachagulia wao. Tumejichagulia sisi, kisha tukawaingiza watoto ndani yake ili tufurahi zaidi.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa hivyo na watu wa nyumbani kwangu. La kwanza huwa hili: "Mtoto haelewi maneno yale, kwake ni mdundo tu." Ikiwa haelewi, kwa nini akachaguliwa wimbo huo? Midundo imejaa tele duniani, hata ngoma ya debe ina mdundo. Ukweli ni kwamba wimbo ule ulichaguliwa kwa sababu wakubwa wanauelewa, na kinachowachekesha ni kuona kiungo kidogo kinafanya kitendo cha mtu mzima. Kicheko ni chetu, na mtoto amegeuzwa kuwa chombo cha kicheko hicho. Isitoshe, kila aliyepita chuo cha ualimu anajua kwamba mtoto wa umri ule hujifunza kwa kuiga. Mwili hutangulia, maana hufuata. Siku maana itakapofika, itamkuta tayari ana mazoea.

La pili huwa hili: "Mzee, wewe unatamani ya kale." Naam, na tuyatazame hayo ya kale. Wazee wetu hawakuwa malaika wasiozijua nyimbo za chumbani. Nyimbo za unyago ziko wazi kuliko nyingi za vijana wa leo. Nyimbo za jandoni nazo hazikutungwa kwa ajili ya watoto wachanga. Ila kila wimbo ulikuwa na mahali pake, wakati wake na watu wake. Mwali alifundishwa ndani, na kungwi, umri wake ulipofika, na aliyofundishwa hakuyatoa uwanjani. Waimbaji wa taarabu nao walisema mambo mazito mbele ya kadamnasi, lakini waliyafunga katika mafumbo, hata mtoto aliyekaa miguuni pa mama yake akasikia habari ya ua na nyuki, akalala usingizi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Kwa hiyo wazee walijua kuchagua, wala kuchagua si kupiga marufuku. Sisi tumechukua nyimbo za wakubwa, tukaondoa mlango na fumbo, kisha tukampa mtoto kipaza sauti.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: "Serikali ifungie nyimbo hizi." Mwezi Novemba mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu za maadili. Sibishani na Baraza, lina kazi yake. Lakini Baraza haliketi sebuleni mwako saa moja jioni. Tena zipo nyimbo nyingi zisizo na kosa lolote kisheria, zilizoimbwa na mtu mzima kwa watu wazima wenzake, ambazo bado si za mtoto wa miaka minne. Pilipili haina kosa, wala muuza pilipili hana kosa, mwenye kosa ni anayeitia kwenye uji wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mzazi kuwa ndiye mwenye wajibu wa kumlinda mtoto na hatari za mwili na za maadili. Wajibu huo haukupewa msanii wala dijei.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi, nakiri. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini sisi wa bara tuliisubiri hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo mtoto alikuwa na Mama na Mwana katika Radio Tanzania Dar es Salaam, na kipindi kikiisha kilikuwa kimekwisha, akatoka kucheza. Leo simu ya kupangusa haina mwisho wa kipindi. Siku moja niliketi kimya nyuma ya mdogo wake yule mhitimu, mwenye miaka minne, nikahesabu. Alianza na katuni za kuhesabu namba. Ilipokwisha, nyingine ikajileta yenyewe, na nyingine tena. Ya saba ilikuwa ya watu wazima wanaotukanana kwa mzaha. Mtoto hakugusa kitu, na katika nyumba nzima hakuna mtu aliyemchagulia video ile. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu haungoji mtoto akue atoke nje, unamfuata kitandani kabla mama hajamaliza kuosha vyombo.

Hapa niseme jambo la haki. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili, akapanda daladala mbili, akafika kwenye chumba kimoja chenye jiko, kitanda na watoto watatu, simuoni kuwa mzazi mbaya akimpa mtoto simu ili apike. Ningekuwa mahali pake ningefanya hivyo hivyo. Ninachomwomba ni kwamba simu hiyo ampe ikiwa na kitu alichokwisha kukitazama yeye mwenyewe, naye ajue itazimwa saa ngapi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Saa moja haitoshi kupika maharage, lakini wali na mchicha huiva.

Wala sisemi kila kilicho kwenye kioo ni uchafu. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa mwaka 2014, zilitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, na zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akili and Me zilifuata mwaka 2016, kwa ajili ya wadogo zaidi, nazo zina mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro. Nimezitazama na wajukuu zangu, nikaona watoto wakijibu maswali kwa sauti. Wanaosema hatuna chetu wangetafuta kwanza.

Tena tusidanganyike na wingi wa watazamaji. Wimbo wa watoto uitwao Baby Shark ulipita mara bilioni 10 za kutazamwa mwezi Januari 2022, na idadi ya watu wote duniani ilikuwa haijafika hata bilioni 8. Maana yake ni kwamba mtoto mdogo akipenda kitu hukirudia, kesho na keshokutwa. Sisi tukitazama video mara moja tunasahau, yeye ataitazama mara mia hadi iwe sehemu yake. Kwa hiyo kosa dogo la mchaguzi kwa mtoto si dogo.

Chuoni tulimtaka mwanachuo aandike andalio la somo hata kwa wimbo wa dakika tatu. Wengi walinung'unika. "Wimbo tu, mwalimu?" Nami nilikuwa nikiwauliza maswali matatu, ambayo leo nawarudishia wazazi, kwa kuwa kila anayembonyezea mtoto kitufe amekuwa mwalimu, apende asipende.

Swali la kwanza: je, mtoto huyu akiniuliza maana ya kila neno lililomo, nitamjibu bila kuona haya? Ukijikuta unatafuta njia ya kukwepa, wimbo huo si wake.

La pili: je, mwili wake unafanya kazi ya umri wake? Kuruka, kupiga makofi, kuzunguka, kuchuchumaa, kuiga mwendo wa chura au wa bata, hayo ni ya mtoto. Yapo ambayo si yake, nawe unayajua, usijifanye mgeni.

La tatu, na ndilo kubwa: kioo kikizimwa, je, mchezo unaendelea? Tazama mchezo wa nyama nyama. Mmoja anataja wanyama, wenzake wanaruka akitaja anayeliwa, wanatulia akitaja asiyeliwa, na anayeruka kwa pupa anatolewa. Humo mtoto anajifunza kusikiliza, kupambanua, kujizuia na kukubali kushindwa, bila umeme wala vocha. Video nzuri hufanana na mchezo huo. Ikiisha, mtoto anainuka anaimba mwenyewe, anawafundisha wenzake, anaongeza maneno yake. Mbaya ikizimwa, mtoto analia na kutaka iwashwe tena, maana haikumwachia kitu cha kufanya.

Miezi michache baada ya mahafali yale mjukuu wangu alinitembelea likizo. Nikamwomba aniimbie lile shairi la usafi. Alifikiri sana, akasema, "Nimelisahau, Babu. Lakini ile dansi naikumbuka yote." Akainuka aanze kunionyesha. Nikamwambia aketi, nikamwambia kwamba siku ile Babu alikosea: lililokuwa zuri ni shairi, na Babu hakulitunza. Alinitazama kwa mshangao, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayebadili sheria mchezo ukiwa katikati. Alikuwa na haki ya kunitazama hivyo. Tulilikumbuka ubeti mmoja mmoja kutoka kwenye daftari lake la zamani, siku mbili nzima. Siwezi kudai kwamba nimefuta somo la kwanza.

Tangu hapo nikialikwa mahafali ya watoto natoa sharti moja: niletewe orodha ya nyimbo na michezo wiki moja kabla. Shule mbili hazikunipigia tena simu. Katika shule ya tatu mwalimu mmoja kijana, binti, alikuja mwenyewe na orodha ameiandika kwa mkono. Tukaketi kibarazani, tukaondoa nyimbo tatu, tukaweka nyama nyama na ngonjera. Akaniuliza, "Mzee, wazazi wakinuna je?" Nikamwambia wazazi watapiga makofi pale meza kuu itakapoanza kupiga. Ilipofika zamu ya ngonjera, niliinuka na noti mkononi, nikaenda kumtunza mtoto wa mwisho katika mstari, aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote. Kwa muda kidogo nilisimama pale peke yangu. Kisha baba mmoja akainuka, akafuata mwingine.

Ndugu msomaji, mwezi wa mahafali ukifika nawe utaketi chini ya turubai, na mfukoni utakuwa na noti. Usiitoe kwa kufuata vigelegele. Angalia kwanza unamlipa mtoto kwa kazi gani, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo atakayokuja kukuonyesha nyumbani.