Umeme kwa chanjo ya DNA
Chanjo ya DNA ikidungwa tu kwenye msuli, sehemu kubwa hubaki nje ya seli na kinga ya mwili haishtuki. Ndiyo maana chanjo ya DNA iitwayo VGX-3100, inayolenga protini E6 na E7 za virusi vya HPV, hufuatiwa papo hapo na mipigo mifupi ya umeme inayofungua utando wa seli. Katika jaribio la chanjo hiyo lililochapishwa mwaka 2015, vidonda vya shingo ya kizazi vinavyotokana na virusi hivyo na kutangulia saratani vilififia kwa wanawake 53 kati ya 107. Waliopewa chanjo bandia, 11 kati ya 36. Atasema mtu, wengine hupona wenyewe. Kweli, lakini pengo hilo si dogo, na chanjo ya kuzuia HPV haiwaponyi walioambukizwa tayari. Uvimbe wa saratani uliokomaa ni mgumu zaidi: huzima chembe za kinga, hivyo huko umeme peke yake hautoshi.