Ua wa Nyumba na Haki ya Jirani



Wiki hii twapanda Wusi, katika milima ya Taita. Huko nyumba zimejengwa mteremkoni, na kila ua una jirani aliye chini yake. Mvua ya masika inyeshapo juu ya ua mtupu, au uliosakafiwa wote kwa saruji, maji hayapati pa kuzama. Huteremka kwa kasi na kuuchukua udongo. Udongo huo hufukia shamba la jirani, na mwingine huingia Mto Voi, uanzao milimani humo na kushuka hadi kwa ndugu zetu wa tambarare kavu. Nayo dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Basi ua nao una hukumu yake.

Kwanza, tusiyachome majani makavu. Tuyatandaze mashinani mwa migomba. Yatakayobaki tuyachanganye na samadi na maganda ya jikoni, yaoze yawe mboji.

Pili, tukate matuta kuukinga mteremko, na kingoni tupande nyasi za nepia. Zitashika udongo na kulisha ng'ombe.

Tatu, mikaratusi tusiipande karibu na chemchemi, kwani hunywa maji mengi. Mwaka 2009, Waziri wa Mazingira wa Kenya, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Mwenye mti hupata mbao na kuni. Lakini chemchemi ikikauka, wanaopanda mlima na mitungi ni mama na binti zake, na wa jirani pia.

Nne, maji ya udhu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, takriban theluthi mbili za lita. Watu sita, kila mmoja akitumia lita tatu kwa kila sala ya faradhi, humwaga lita 90 kwa siku. Tupunguze, na yale yanayodondoka tuyakinge kwa beseni, yanyweshe sukuma wiki.

Mtume ametufundisha kuwa mti ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka. Basi kabla ya masika, kila nyumba ipande walau mti mmoja wa matunda, na mwenye ua wa juu amkumbuke aliye chini yake.

Wabillahi tawfiq.