Daftari la wiki: Mahali pa kupunga upepo

Arua, huku kwetu Uganda, ilipopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, tulipewa meya wa jiji, divisheni za Ayivu na Kati, na ahadi nyingi za lami. Bustani ya kukaa haikutajwa, nami sikuiulizia, kwa kuwa siku zile nilidhani jiji ni majengo. Wiki hii niliacha kupanda bodaboda. Nilitembea kila nilipopata nafasi, nione watu wa huku wanapunga upepo wapi, nikarudi nyumbani na vumbi jekundu hadi magotini.

Jumatatu nilianzia Barifa. Ni hifadhi ya msitu ya serikali, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na imebaki katikati ya watu huku mji ukiizunguka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuta wanafunzi wakisoma kwa sauti chini ya miti, kila mmoja na mti wake, kama walioandikishwa. Walikuwapo wakimbiaji wawili, na mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni. Hakuna benchi wala kibao cha kuonyesha njia. Njia zenyewe zimechorwa na nyayo, na kwa kweli nyayo zimechora vizuri kuliko ambavyo mhandisi angechora: zinakwepa mizizi na kufuata kivuli.

Kila anayetafuta kiwanja mjini huiangalia Barifa kama mtu anavyomwangalia kuku wa jirani. Hoja ni ileile siku zote: msitu umekaa bure. Ningependa mwenye hoja hiyo aje saa kumi na mbili na nusu, awaulize wale wanafunzi wanakaa bure kwa sababu gani.

Wasomaji wa Nairobi wanaijua hadithi hii. Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa ukigawanywa viwanja kimyakimya katika miaka ya 1990. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti langoni, wakapigwa, naye akapasuliwa kichwa. Leo watu wanalipa kiingilio kwenda kukimbia na kuendesha baiskeli mlemle. Sisemi Barifa ni Karura. Barifa ni ndogo, na haijapata Maathai wake. Ila nimeona kwamba Karura ilizidi kuwa salama kadiri watu wengi walivyozoea kuitembelea. Msitu unaotembelewa una mashahidi.

Jumatano, mto Enyau. Huu ndio mto ulioinywesha Arua. Kwa miaka mingi maji ya bomba yametoka humo, na kiangazi kikikaza, mabomba hukauka. Nilikaa kwenye jiwe kiasi cha saa nzima. Wavulana sita walikuwa na jerikeni moja ya njano ya lita 20, imefungwa kifuniko barabara, na hicho ndicho chombo chao. Mmoja anailalia kifudifudi, anapiga miguu hadi ng'ambo, anairusha, mwingine anaidaka. Aliyeshindwa kuidaka anatoka zamu. Walikuwa na sheria zao na mwamuzi wao, mtoto wa miaka kama minane, mkali kuliko waamuzi wote niliowahi kuwaona uwanjani.

Hatua thelathini juu yao kijana alikuwa akiosha pikipiki ndani ya maji. Sabuni ya unga, brashi, kisha ndoo. Povu jeupe liliteremka polepole na mafuta yakifuata nyuma kwa rangi za upinde wa mvua, vikapita katikati ya mchezo. Mwamuzi aliinua mkono, mchezo ukasimama, povu likapita, mchezo ukaendelea. Hakuna aliyekasirika.

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinasema mto usio katika orodha ya mito mikubwa uachiwe ukanda wa mita 30 kila upande. Tunapozungumzia kanuni hii tunaizungumzia kama marufuku tu: usilime, usifyatue matofali. Mimi naiona kama njia ya miguu ambayo tayari ipo kisheria. Anayesema jiji halina ardhi ya mapumziko achukue kamba, apime mita 30 kutoka Enyau, atembee nayo mpaka achoke.

Jambo moja linanisumbua bado. Katika saa ile nzima wasichana walipita mara nyingi, nao walikuwa na jerikeni za aina ileile. Zao zilikuwa kichwani, zimejaa. Hakuna aliyesimama.

Alhamisi mvua. Sikutoka.

Ijumaa niliamkia barabara ya Vurra. Barabara hii inatoka mpakani mwa Kongo hapo Vurra, inapita Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, kilomita 92. Tangu iwekwe lami imekuwa pia uwanja wa mazoezi wa watu wasio na uwanja. Alfajiri utakutana na wakimbiaji, walimu waliostaafu wanaotembea kwa amri ya daktari, na vijana wa baiskeli. Ikishapita saa moja asubuhi malori ya mpakani yanaamka, na mwenye busara anarudi nyumbani. Ukingo wa barabara ni mwembamba, na dereva wa lori hamtofautishi anayekimbia kwa afya na anayekimbia kwa kuchelewa.

Vurra yenyewe imebaki nje ya mipaka ya jiji, na hapo ndipo penye jambo ambalo ningewapeleka wageni wangu wote kuliona, ijapokuwa machoni halionekani. Mpaka wa Uganda na Kongo huku unafuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Tone la upande wa mashariki linaingia Nile, kisha Sudan, Misri, hadi Mediterania. Tone la upande wa pili linakwenda Kibali, Uele, Ubangi, mto Kongo wenyewe, hadi Atlantiki. Wakoloni waliochora mpaka huu walifuata maji, hawakuuliza ndugu wa nani anaishi upande gani. Nilimkuta mzee akichunga mbuzi karibu na barabara, nikamwamkia, nikamuuliza kama analijua hilo. “Mwanangu,” akasema, “mbuzi wangu wanakunywa pande zote mbili.”

Nchi nyingine zingeweka hapo jiwe lenye maandishi na mahali pa kukaa. Sisi tumeweka foleni ya malori.

Kwa kuwa tunazungumzia wageni: Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingoni mwa Nile upande wetu ili awinde faru weupe. Jina la Rhino Camp limebaki. Faru hawakubaki, kufikia miaka ya 1980 mwanzoni Uganda nzima ilikuwa imewamaliza. Huo ndio utalii tulioanza nao, kwa hiyo nikisikia mgeni anatafuta njia ya kutembea tu na kutazama, mimi humshukuru.

Jumamosi nilikwenda Koboko, mpaka Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Jina ni la Kikakwa, na maana yake ni mafiga matatu. Hakuna jina zuri kuliko hilo: nchi tatu zimekaa kama mawe ya jikoni, na chungu ni chetu sote. Watu wa huko wana shamba huku na shangazi kule, na siku ya soko lugha zinachanganyika, Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala, na Kiswahili kikiwa ndicho cha kupatana bei. Niliona vijana wakipiga picha, mguu mmoja huku, mwingine kule. Hawakulipa chochote, na walicheka sana.

Ukienda, nenda asubuhi. Beba kitambulisho na maji yako ya kunywa, wasalimie askari kabla hawajakuita, na takataka zako urudi nazo, maana pipa la taka halipo.