Kuupiga picha mlima kwa saa yake



Kila mwaka ndugu zetu wanaorudi Uchagani kwa ajili ya Noeli hutuonyesha picha walizoupiga Mlima Kilimanjaro, na nyingi zina kasoro ile ile: mbele imesimama migomba ya kijani kibichi, na pale ulipopaswa kuonekana mlima pametanda wingu jeupe. Wenyewe huilaumu kamera, na wengine huazimia kununua kubwa zaidi. Kwa maoni yetu kamera haina kosa. Kosa ni kuamka saa mbili, kunywa chai taratibu, kisha kutoka nje saa nne.

Mlima una ratiba yake. Alfajiri hewa ni baridi na mara nyingi kilele cha Kibo ki wazi. Jua likishaupasha moto msitu wa mitelemko, unyevu hupanda ukawa mawingu, na kabla ya adhuhuri kilele kimekwisha kufunikwa. Wanaowahi Misa ya kwanza wanalijua jambo hili kuliko wapiga picha wengi. Tena huku kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza likipanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa. Ule mwanga wa chini wenye rangi ya dhahabu, unaochonga kila bonde na kila ukuta wa barafu kwa kivuli chake, haudumu hata saa moja. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ambako jua hupanda kwa mshazari. Dakika zinazohesabiwa humo si dakika zetu.

Majira nayo yana neno. Moshi iko kusini ya mlima. Mwezi Juni jua huchomoza upande wa kaskazini wa mashariki, hivyo uso tunaouona sisi hubaki kivulini asubuhi, na miezi ile ni ya mawingu mazito. Desemba na Januari jua huchomoza upande wa kusini wa mashariki na kuumulika uso huohuo. (Aliye Amboseli, ng'ambo ya Kenya, ahesabu kinyume chake.) Kwa hiyo tunachagua mwisho wa Januari na Februari, baada ya vuli na kabla ya masika. Tunafika saa kumi na mbili kamili, stendi ya miguu mitatu ikiwa imekwisha kusimikwa, maana kilele hupata mwanga dakika kadhaa kabla ya sisi tulio chini.

Kwa nini tusumbuke hivyo? Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu na kuandika kwamba una theluji. Wataalamu wa jiografia huko London walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hakuwa na picha ya kuwaonyesha. Leo sehemu mojawapo ya barafu ya Kibo ina jina lake, nayo inapungua pamoja na nyingine: mwaka 1912 barafu ya kudumu ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 11, na mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu za mwisho za Afrika huenda zikatoweka ifikapo 2050.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wengi. Picha inayopendwa kuliko zote ni ile ya mlima mweupe pe baada ya theluji kuanguka usiku. Ni nzuri, lakini haituambii kitu juu ya barafu, kwa sababu theluji ya jana hufunika mwamba na barafu vivyo hivyo, na baada ya siku chache imeyeyuka. Anayeitundika sebuleni akawaambia wajukuu kwamba mlima ungali vilevile, anawadanganya bila kukusudia. Sisi tunaitaka picha ya msimu mkavu, ya mwanga wa ubavuni, ambamo mwamba unabaki mweusi na barafu inajitenga wazi. Nayo ipigwe kila mwaka mahali palepale, juma lilelile, saa ileile, kwa lenzi ileile, na tarehe iandikwe nyuma yake kwa wino. Vivuli vikilingana, kinachobadilika ni mlima wenyewe.

Sisi tumechagua kona ya ukuta wa mawe kando ya shamba la kahawa, tukachora msalaba mdogo kwa chokaa pale mguu wa mbele wa stendi unapokaa. Mwaka huu tumekwenda asubuhi tatu mfululizo na kurudi na picha za ukungu. Mwenye shamba, mzee wetu anayetuazima kiti, amesema upepo umegeuka tangu jana jioni, tujaribu tena kesho.